Mkono wa Kulia wa Maalim Mwinshehe

Nimestaafu mwezi wa tatu sasa, na wauguzi niliowaacha kituoni Tabata bado wananipigia simu kuniuliza ufunguo wa kabati la mashine za presha uko wapi. Uko pale pale, ndani ya kopo la pamba. Katika simu moja Atupele, ambaye siku hizi ndiye mkuu wa chumba cha vipimo, aliniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kupima presha, ili wanaoanza kazi wapate kusoma. Nilikubali kwa sharti kwamba habari ya mkono wa Maalim Mwinshehe niiandike yote, bila kujifichaficha. Atupele akasema, "Hiyo ndiyo ninayoitaka, baba. Hizo nyingine ni nyongeza." Basi nyongeza zitatangulia.

Nilianza kazi kwenye zahanati moja Temeke, mtaa ule ule niliozaliwa. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Sista Veronika, muuguzi wa Kingoni kutoka Songea, Mkatoliki wa kwenda misa kila alfajiri. Alikuwa na sauti ndogo, lakini sikuwahi kumsikia mtu akimwomba arudie alichosema. Mimi nilikuwa na shauku ya kuchoma sindano. Yeye akanipa kipimo cha kusikilizia, akaniambia nikae kwenye benchi nijisikilize kifua changu mwenyewe.

"Unasikia nini?"

"Moyo unapiga, sista."

"Moyo haupigi kitu, kaka. Moyo ni msuli, unajikunja kimya kimya. Hizo sauti mbili ni milango inajifunga. Mlango wa kwanza unazuia damu isirudi chumba cha juu, wa pili unaizuia isirudi ndani ya moyo ikishatoka. Kaa hapo mpaka uweze kunitofautishia."

Nilikaa mpaka adhana ya adhuhuri. Wagonjwa walipita wakidhani mgonjwa ni mimi, na bibi mmoja akanipa pole. Katika saa zile, Sista Veronika akipita na trei yake, alinipa somo lote vipande vipande: kwamba upande wa kulia wa moyo unapeleka damu kwenye mapafu ikachukue hewa, na upande wa kushoto unaisukuma hiyo yenye hewa kwenda mwilini kote, toka utosini mpaka ukucha wa mguu, kisha inarudi kulia na safari inaanza upya. Damu ile ile, inazunguka. Nilikuwa nimesoma madrasa tangu utotoni, nimehifadhi mengi, na sikuwa nimewahi kukaa nikafikiri kwamba ndani yangu kuna kitu kinanifanyia kazi hata nikilala, wala hakijaniomba shukrani. Siku ile niliswali adhuhuri nikiwa na haya fulani.

Wiki ya pili nilifunguliwa mashine ya presha. Ilikuwa ya zebaki, ndani ya sanduku la chuma, na ukilifungua kifuniko kinasimama na bomba la kioo lenye namba. Nyinyi wa siku hizi mnabonyeza kitufe mnasubiri. Sisi tulikuwa tunafunga mkanda juu ya kiwiko, tunaminya mpira mpaka mkanda umeubana mshipa na damu haipiti kabisa. Hapo husikii kitu. Kisha unaachia hewa pole pole, macho kwenye zebaki, masikio kwenye kiwiko cha mtu. Damu inapopenya mara ya kwanza inagonga, nawe unasoma namba. Hiyo ni presha ya juu, nguvu ya damu moyo unapojikunja. Unaendelea kuachia mpaka kule kugonga kunapotea. Hiyo ni ya chini, nguvu inayobaki ndani ya mishipa wakati moyo umepumzika kungoja pigo lingine.

Sista Veronika alikuwa na amri zake. Mgonjwa akae kwanza, apumzike, asiongee. Mkanda usifungwe juu ya nguo. Na anayekuja mara ya kwanza apimwe mikono yote miwili.

"Kwa nini yote miwili, sista?"

"Kwa sababu anayo miwili."

Maelezo yakaishia hapo.

Amri ile niliishika kama miezi miwili. Msomaji ambaye si mtu wa pwani ajue kwamba kwetu mkono wa kulia ndio wa kula, wa kupokea, wa kumwamkia mtu mzima. Wa kushoto una kazi zake za faragha na haunyooshwi mbele za watu. Siku moja nilimwomba mzee mmoja wa Mtoni anipe mkono wa kushoto. Akaurudisha ndani ya kanzu kama niliyetaka kumwibia.

"Kijana, kwenu hawakukufunza? Huu ni mkono wa chooni huu!"

Foleni nzima ikacheka. Tangu siku hiyo, wazee wa rika lile niliwapima kulia tu. Hakuna aliyenikataza, maana hakuna aliyenihesabia. Tena namba za mikono miwili kwa watu wengi hazipishani sana, kwa hiyo sikuona hasara yoyote. Nilijiona nina adabu kuliko wenzangu.

Kwa yote mengine nilikuwa mwangalifu. Nitawapa mfano mmoja. Bibi mmoja wa Tandika alikuwa anaanguka kila akiinuka kutoka sijida, na nyumbani wakaanza kusema ana shetani. Mtu akiinuka ghafla, damu yake inataka kushuka miguuni. Lakini shingoni mwetu kuna sehemu ndani ya mshipa zinazohisi presha imepungua, zinaupa ubongo habari, na kabla hujajua lolote moyo umeshaongeza mwendo na mishipa imeshajikaza ili kichwa kisikose damu. Kwa mzee mwendo huo ni mzito, na dawa za presha zikizidi huuzidishia uzito. Bibi yule alikuwa anameza vidonge viwili mahali pa kimoja, kwa kuwa binti yake alimsomea karatasi na mwanawe naye akamsomea, na kila mmoja akampa chake. Tulimrudisha kwenye kimoja, tukamwambia akitoka sijida akae kidogo kabla ya kusimama. Shetani akahama.

Baadaye nilihamishiwa Tabata. Mashine za zebaki ziliondolewa kwa sababu zebaki ni sumu, zikaja za saa ya mshale, kisha za betri. Niliisikitikia ile ya sanduku kama mtu anavyosikitikia jirani mgomvi aliyehama. Ile moja niliyoizoea sana ya mshale niliificha kwenye droo yangu, na naomba radhi kwa bwana stoo.

Ni huko Tabata ndipo Maalim Mwinshehe alipokuja kwangu. Huyu ndiye aliyenifundisha Kurani toka herufi ya kwanza, Temeke, kwenye banda la mabati nyuma ya msikiti. Uzeeni alihamia Tabata kukaa karibu na binti yake, na hakukaa hata mwezi kabla ya kufungua madrasa nyingine. Alipoingia chumbani kwangu nilisimama, nikaupokea mkono wake wa kulia kwa mikono yangu miwili, nikaubusu, kama tulivyokuwa tukifanya watoto.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, Rajabu. Ndiyo umekuwa daktari?"

"Muuguzi, Maalim."

"Haya, daktari. Kichwa kinaniuma huku kisogoni, asubuhi asubuhi."

Mkono wake ulikuwa tayari mikononi mwangu. Nikaufunga mkanda. Mia moja na ishirini na nne kwa sabini na nane.

"Maalim, hii ni presha ya kijana wa miaka ishirini!"

"Alhamdulillahi. Basi nenda kamwambie mke wangu anirudishie chumvi yangu."

Nikampa dawa ya maumivu. Baada ya swala ya Ijumaa iliyofuata nusu ya msikiti ilikuwa inajua presha ya Maalim.

Alirudi mara nyingi ndani ya miaka miwili. Kichwa kile kile. Safari nyingine alisema macho yanaona ukungu akisoma Msahafu, nikamwelekeza kwa wapima miwani. Safari nyingine ilikuwa mkono.

"Huu mkono, nikiandika ubaoni mistari mitatu tu, unachoka kama nimepakua magunia. Mpaka niushushe kwanza."

"Ubao wenu uko juu mno, Maalim."

Nilimtuma fundi akaushushe ubao. Ubao ulishushwa vizuri kabisa. Mkono ukaendelea kuchoka. Na kila alipokuja nilimpima mkono ule ule, nikapata namba nzuri zile zile, nikamwambia amshukuru Mungu.

Siku yenyewe mimi nilikuwa chumba cha chanjo. Atupele alikuwa na wiki tatu kazini, binti wa Mbeya, mwembamba, mwenye haraka. Meza yake ilibanwa ukutani, na mtu akikaa kwenye kile kiti mkono unaoangukia mezani ni wa kushoto. Alinijia mlangoni na karatasi.

"Baba, samahani. Kuna babu mmoja pale, presha mia mbili na nne kwa mia na kumi na mbili."

"Nani?"

"Kaandikishwa Mwinshehe."

"Mashine yako mbovu. Huyo nampima miaka miwili, hana presha."

"Nimerudia mara tatu."

"Umempima mkono gani?"

"Wa kushoto."

Nilihisi uso unapata moto. "Umemshika Maalim mkono wa kushoto?"

"Alikataa kwanza. Nikamwambia babu, mashine haijui kulia wala kushoto, akacheka akanipa."

Nilikwenda nikiwa nimekasirika. Maalim alikuwa ametulia kitini, bakora kati ya magoti. "Huyu binti ni shujaa," akaniambia. "Mzoefu?"

"Ni kitoto bado, Maalim, kinajifunza." Nikatoa mashine yangu ya mshale kwenye droo, nikapima kulia. Mia moja na ishirini na sita kwa themanini. Nikamgeuzia Atupele saa ya mashine aione. "Unaona?"

"Naona. Sasa naomba kwa mashine hiyo hiyo, kushoto."

"Atupele."

"Baba, mie sibishani na wewe. Mie nabishana na mkono."

Wagonjwa wawili waliokuwa mlangoni waliguna. Kwa ajili ya kumaliza maneno, nilimwomba Maalim radhi, nikaufunga mkanda mkono wa kushoto, nikaminya mpira mpaka kupita mia mbili na ishirini. Nikaanza kuachia. Mshale ulipofika mia mbili na sita damu ikagonga sikioni mwangu, kwa nguvu ya kuniumiza. Iligonga mpaka mia na kumi.

Nikavua kipimo. Nikashika vifundo vya mikono yake yote miwili kwa pamoja, vidole vyangu juu ya mishipa. Wa kushoto ulikuwa unavisukuma vidole. Wa kulia ulikuwa kama uzi, na ulichelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Mkono ule niliubusu zaidi ya miaka arobaini. Sikuwa nimewahi kuusikiliza.

Wale wanaoanza kazi nitawaeleza hivi. Sasa ninaishi Goba, kwenye mteremko, na mtaani kwetu pampu moja inalisha nyumba nyingi. Jirani yangu mmoja bomba lake lilibanwa na mzizi ardhini. Akawa anapata maji ya kudondoka, akatuambia sote kwamba pampu imechoka. Wakati huo huo mabomba ya wengine yalikuwa yanapasuka kwa nguvu ya maji. Mshipa unaopeleka damu mkono wa kulia wa Maalim ulikuwa umebanwa na mafuta yaliyoganda karibu na unapochipuka kutoka mshipa mkuu. Kupita pale damu ilikuwa chache na nguvu yake ndogo, ndiyo maana mkono ulikuwa unachoka ubaoni. Kwingine kote, kichwani, machoni, kwenye figo, presha ilikuwa mia mbili. Mimi nilikuwa nimekaa miaka miwili nyumbani kwa jirani mwenye mzizi, nikisifu pampu.

Nilimwambia Maalim aende hospitali kubwa saa ile ile. Akatikisa kichwa.

"Jumapili nina watoto kumi na mmoja wanahitimu Msahafu. Wazazi wameshanunua mchele. Niandikie vidonge, Jumatatu nakwenda, inshallah."

"Maalim, si jambo la kungoja Jumatatu."

"Rajabu, wewe mwenyewe miaka yote unaniambia mzima. Leo mashine ya binti imesema hivi, kesho itasema vile."

Nilikuwa na njia moja tu, na sikuipenda. Nilichuchumaa mbele ya kiti chake, wagonjwa wakitazama.

"Maalim, mashine haijabadilika. Kila nilipokwambia huna presha, sikuwa nimeipima. Nilipima mkono ambao damu haifiki sawasawa. Huu wa pili sikuwahi kuugusa kwa kukuonea haya, na nilifundishwa kazini kwamba lazima niuguse. Miaka miwili umeumwa, na mimi ndiye niliyekwambia huumwi. Ukingoja Jumapili unaweza usiione."

Maalim aliitazama mikono yake juu ya mapaja, mmoja kisha wa pili.

"Gari liko wapi?" akauliza.

Nilinyoosha mkono kumwinua. Akamshika Atupele. Aliaga chumba kizima kwa salamu, na mimi hakunitazama.

Alilazwa siku tisa. Madaktari wakaishusha presha kidogo kidogo, maana mwili uliozoea nguvu kubwa ukishushiwa ghafla ubongo unakosa damu. Walikuta ukuta wa moyo umenenepa kwa kusukuma mzigo, na mishipa midogo ya nyuma ya macho imeanza kuvuja. Usiku wa nne uso wake ulilegea upande mmoja na maneno yakamkwama. Binti yake alinipigia akilia. Kulipokucha uso ukarudi na maneno yakarudi, na daktari akasema kama angekuwa nyumbani huenda visingerudi. Khitma ya wale watoto iliahirishwa. Nilikwenda hospitali kila jioni, nikakaa kwenye benchi la nje, sikuingia. Nilikuwa nangoja aniite. Hakuniita. Katika maisha yangu nimeomba mambo mengi kwa Mola wangu, na mengi amenipa nisiyoyastahili. Siku zile nilimwomba moja tu, kwamba mzee yule asife kabla sijapata radhi yake.

Siku ya tatu baada ya kuruhusiwa nilikwenda kwake. Alikuwa sebuleni, amekonda, mkewe ameweka chupa ya chai na vitumbua mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Niliyasema yote. Aliniacha niyamalize bila kunikatiza, kama alivyokuwa akimwacha mwanafunzi anayekosea kusoma afike mwisho wa aya.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Maalim."

"Ulipokuwa na miaka saba ulinipa ubao wako wa kuandikia kwa mkono wa kushoto. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ulinichapa."

"Ngapi?"

"Tatu."

"Na wenzako?"

"Walicheka."

"Basi mle chumbani mwako hukuwa peke yako ukipima," akasema. "Na mie nilikuwamo. Nilikufunza adabu ya mkono, sikukufunza inapokoma. Damu ile ile Mwenyezi Mungu anaipeleka kote kuwili. Nisamehe, Rajabu."

"Maalim, mimi ndiye niliyekuja kuomba!"

"Najua. Nilikuwa nakungoja uje. Haya, tusameheane, chai inapoa."

Tuliinywa. Khitma ilifanyika mwezi uliofuata, watoto wote kumi na mmoja walisoma, na mchele ulikuwa umeingia wadudu kidogo lakini hakuna aliyelalamika. Atupele alialikwa akakaa na akina mama, amejifunga mtandio, na Maalim akamtambulisha kwa watu wote kuwa ni daktari wake. Mimi alinitambulisha kuwa ni msaidizi wa Atupele. Nilistahili.

Tangu hapo kila mtu aliyeingia chumba kile kwa mara ya kwanza, awe shehe, awe padri, awe mkuu wa mtaa, alitoa mikono yake yote miwili. Waliogoma niliwasimulia habari hii, nao wakatoa.

Maalim Mwinshehe aliishi miaka saba mingine, anameza vidonge vyake kwa wakati, anafundisha, anagombana na mkewe juu ya chumvi. Alikufa kwa homa ya siku tatu, akiwa amezungukwa na wajukuu. Tulikuwa wanne tulioitwa kumwosha. Tulianza upande wa kulia, kama yeye mwenyewe alivyotufunza, bila haraka. Tulipogeukia kushoto niliwaomba wenzangu waniachie ule mkono. Wakaniachia. Niliuosha toka vidoleni mpaka begani, mara tatu, na kila kidole kwa zamu yake.